Landrover 109 yangu ya mwaka 1978: injini waliniambia nitupe, chasisi wakaniambia ni nzima

Naandika hii maana nimechoka kuulizwa "hiyo umeweka injini ya nini". Sijaweka injini ya kitu chochote. Ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani Solihull, petroli, silinda 4, cc 2286, na jana nimetoka nayo Usangi mpaka Moshi sijafungua boneti hata mara moja. Kuna mafundi, tena watu wazima wenye gereji zao, waliniambia injini hiyo ni ya kuuza skrepa niweke ya Toyota ya dizeli nipumzike, na hao hao ndio walionihakikishia chasisi haina shida. Ikaja kuwa kinyume kabisa, injini nzima, chasisi imeoza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kabla ya hapo nimemiliki pikipiki tu. Lakini nimekulia Usangi, na waliokulia milima ya Upare wananielewa, enzi zile Landrover 109, ile ndefu, ndio ilikuwa basi, ndio lori la kahawa, ndio ambulensi. Unakaa nyuma kwenye benchi la pembeni, magoti yako yamepishana na ya mtu wa mbele yako, tenga la kuku katikati, na ikifika kona mbaya utingo anaruka chini na kigogo chake kukaba tairi. Bibi yangu alishushwa hospitali na gari kama hiyo usiku wa mvua na akarudi mzima. Kwa hiyo sikutaka Landrover ya kupigia picha, nilitaka ya kupanda nayo kwetu.

Ushauri wa kwanza mbovu niliopewa ni huu: "angalia bodi, bodi ikiwa safi umemaliza". Jamani, bodi ya Landrover ni aluminiamu, haishiki kutu, unaweza kuikuta inang'aa kama sahani huku chini hakuna gari. Kinachooza ni chasisi maana hiyo ni chuma. Nilikwenda Arusha kuona moja, ile fupi ya 88, kijani mpya kabisa, nikawa nimeshaipenda, bahati nzuri nilikuwa na fundi mmoja mzee wa hapa Moshi ambaye amezeeka na haya magari. Mzee hakuangalia hata ndani. Alilala chini na nyundo ndogo akaanza kugonga kuanzia mbele, ting, ting, ting, akafika penye hengi ya springi ya nyuma (pale springi inaposhikwa na chasisi) ikalia pu. Akachukua bisibisi akaisukuma pale pale ikazama mpaka kwenye mpini. Akatoka chini anajikung'uta kutu kwenye nywele akaniambia "mwalimu, twende tukanywe chai".

Yangu nimeipata Same, ilikuwa imelala chini ya mkwaju miaka mingi, dalali anasema ilikuwa ya misheni (kila 109 ya dalali ilikuwa ya misheni). Siku hiyo mzee alikuwa na msiba, nikaenda peke yangu na nyundo yangu. Nikagonga kote, ting, mpaka chuma cha nyuma kabisa kile kinachobeba kitako cha gari nacho kikalia vizuri, nikafurahi, kulikuwa na mafundi wawili hapo nao wakasema chasisi hii itakuzika mwalimu. Nikalipa milioni nne na kitu.

Wiki mbili baadae nimeweka jeki kwenye hicho hicho chuma cha nyuma nibadilishe tairi, jeki ikapanda, gari haikupanda. Jeki imeingia ndani! Kumbe mtu alichukua bati nzito akalizungushia juu ya chuma kilichooza, akachomelea pembeni, akapaka rangi nyeusi nzito, na bati jipya ukiligonga linalia vizuri kuliko chuma halisi. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kukagua, nyundo peke yake haitoshi. Pitisha kidole kwenye kona zote utafute mstari wa welding, chasisi ya hizi gari inatoka kiwandani na welding ndefu iliyonyooka, ukikuta vipande vipande vya juu juu hapo kuna kaburi. Na rangi nyeusi mbichi chini ya gari la miaka arobaini na ushee, uliza kwanza inaficha nini.

Na hapo nikafanya kosa lingine, nikampa kijana wa karibu achomelee maana alikuwa na bei nzuri. Akabandika bati juu ya bati. Siku kumi na mbili, nimehesabu, ikapasuka pale pale kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Nyumba ya Mungu. Mzee alipoona hakunigombeza, alisema tu "kidonda hakizibwi na usaha ndani". Tukakata chuma chote cha nyuma mpaka tukafika chuma kinacholia, tukakunja sahani ya milimita 3 upya kwa vipimo vya cha zamani, ndio ikachomelewa. Kabla ya kuchomelea tulitoa tangi la petroli lote nje, hili msifanyie mzaha, na tukachomoa betri na altaneta. Sakafu nayo ilikuwa imezibwa na bati la chuma kwa riveti, na pale bati lilipogusana na aluminiamu, aluminiamu ilikuwa imegeuka unga mweupe, unaufuta kwa kidole kama chokaa. Hizo mbili zikikutana na maji katikati zinalana. Tukarudishia aluminiamu, na pale inapokaa juu ya chuma tukaweka utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Sasa hapa nina kitu ambacho najivunia kuliko vyote, maana nilikifikiria mwenyewe. Chasisi ya 109 ni bomba la mraba, inaoza kutokea ndani, rangi ya nje haisaidii kitu. Mzee alikuwa anamwagia oili chafu ndani kwa chupa lakini inateremka tu chini haishiki juu. Nikakumbuka bomba la mgongoni la kupulizia dawa kwenye kahawa, lipo kwa marehemu baba kule nyumbani. Nikaliteremsha, nikaondoa pua yake nikaunga mrija mwembamba wa shaba kama mita moja na nusu, mwisho wake nimeuziba na kuutoboa vitundu pembeni kwa msumari. Oili chafu lita kama kumi tukaipasha kwenye sufuria bovu juu ya jiko la mkaa mpaka ikawa nyepesi kama chai (nje, sio ndani ya nyumba, na mtu akae hapo asiondoke). Halafu unaingiza mrija kwenye matundu ya chasisi mpaka mwisho, mwenzio anapampu, wewe unauvuta taratibu huku unauzungusha. Nilisikia inapuliza mle ndani, shaaa, na baada ya dakika oili ikaanza kutoa machozi kwenye kila kiungo cha chasisi, hapo unajua imefika. Tandika magunia na maranda chini, inatiririka siku mbili. Mzee alisimama akaangalia akasema "mwalimu hii nimekuibia" na sasa hivi ana bomba lake gereji. Narudia kila mwaka kabla ya masika.

Kuhusu injini. Gari ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inatetemeka, moshi mweusi, na petroli inakunywa kilomita 3 kwa lita, labda na nusu. Kila fundi: ringi za pistoni zimekwisha, toa, weka ya dizeli. Mmoja alinipigia hesabu kabisa, injini, gia boksi yake, kubadilisha mauntini, sijui nini, ilikuwa karibu sawa na bei niliyonunulia gari. Mzee akachomoa plagi nne akazipanga juu ya mudguard. "Shika." Nikashika, masizi makavu meusi, yanatoka kama ya chungu. Akaniambia ringi zikifa plagi inalowa oili na moshi unakuwa wa bluu, hii ni petroli nyingi, injini inalazimishwa kushiba. Akapima kompresheni, silinda zote nne zilikaribiana. Hakuna injini iliyokufa hapo.

Kabureta ni Zenith na ugonjwa wake unajulikana. Ule mfuniko wa juu ni wa madini laini, umefungwa kwa skrubu pembezoni, ikianza kuvuja mtu anakaza, ikivuja tena anakaza zaidi, masikio yanapinda kwenda chini, katikati panainuka, petroli inapita pasipo njia yake. Kila fundi aliyeikaza aliiharibu zaidi. Nilichoshauriwa na wengine ni kufunga kabureta ya gari ndogo ya saluni kwa kuchongewa kipande cha kuunganisha, na nilijaribu, pesa yangu imeenda, kwenye tambarare sawa ila ukianza mlima inakata pumzi. Nikaitoa.

Mzee aliomba kioo. Tulipata kipande cha dirisha la zamani, kile kinene. Tukakilaza juu ya meza, tukakilowesha, tukabandika msasa wa maji namba 400. Mimi nikachora mistari ya penseli uso mzima wa mfuniko, kama daftari la hesabu. Unaushika kwa vidole vya pande zote bila kukandamiza, unauzungusha kama unaandika nane, mara kumi, unageuza, mara kumi tena. Nilipougeuza kuangalia, penseli imefutika kwenye masikio tu, katikati mistari yote ipo vile vile. Hapo ndio niliuona ugonjwa kwa macho yangu. Nilisugua jioni mbili, naongeza maji, nachora penseli upya, mpaka mara moja mistari yote ikapotea kwa pamoja. Na mwili wa chini nao hivyo hivyo. Kuna kioringi (pete ya mpira) kidogo mle ndani chini ya mfuniko ambacho wengi hawakirudishii, cha kwangu kilikuwa kimekauka kama ganda la ndizi, kipya ni hela ya soda mbili. Gasketi mpya, skrubu unakaza kwa vidole viwili kwenye bisibisi, basi, ukisikia hamu ya kukaza zaidi weka bisibisi chini.

Ikawaka. Nikaiacha dakika ishirini inasinzia pale gereji, haikutetemeka. Baada ya wiki nikachomoa plagi, rangi ya udongo mkavu. Sasa natembea kilomita 6 kwa lita, mlimani chini ya hapo kidogo.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida, breki zote, waya karibu nusu, beringi za magurudumu. Tapeti, yaani ule uwazi mdogo wa valvu, jifunze kupima mwenyewe, ni inchi 0.010 valvu zote nane, na mzee alinifundisha kwa tisa: valvu ya 8 ikiwa imebonyea kabisa unapima ya 1, ya 6 ikibonyea unapima ya 3, jumla iwe tisa daima. Injini unaizungusha kwa ile hendeli ya mkono ya mbele. Beringi kuu za krenki yangu ni 3, zile za kuanzia 1980 zina 5 na watu wanazisifia, ila hii ukiibadilishia oili kwa wakati haina ubaya. Jumla ya gharama nilishaacha kuandika, pamoja na kununua ni kama milioni tisa, au kumi.

Karatasi sasa. Kadi ilikuwa na jina la mzee mwingine aliyekwishafariki, nikaambiwa "endesha tu nani atakuuliza". Nilikataa. Nilibakiza sehemu ya hela mpaka familia ikaenda mahakama ya mwanzo ikapata msimamizi wa mirathi, yule ndio akanisainia tukafanya transfa. Ilichukua miezi minne na nilikuwa na presha kila siku, lakini leo gari ni yangu na watoto wao tunasalimiana. Namba ya chasisi imegongwa mbele kulia kwenye chuma penye hengi ya springi, piga brashi ya waya kwanza usome na kadi mkononi kabla hujatoa shilingi.

Aprili nilipanda nayo. Kutoka Mwanga mjini mpaka Kikweni ni sawa, ila kwetu unaiacha barabara unaingia njia ya udongo mwekundu na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikasimama kabisa, maana leva nyekundu haivutwi gari ikitembea, nikaivuta nyuma iingie gia nzito, hapo tairi za mbele nazo zinaingia kazini zenyewe. Ile ya njano unabonyeza ukitaka zivute zote kwa mwendo wa kawaida. Gia ya pili, mguu nimeuacha mwepesi, ikapanda taratibu inaguguma, sauti ile ile. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni kabla sijafika, akasema ameisikia tangu bondeni akajua ni gari ya zamani imerudi.

Kilichobaki ni oili sili ya bakuli la tairi la mbele kushoto, lile la duara ambalo tairi linageukia, inatia alama chini kila asubuhi. Kroma ya lile bakuli imechubuka kwa hiyo sili tupu haitakaa, nimeagiza vyote viwili Nairobi, Kirinyaga Road, vinakuja na basi dogo la shato Alhamisi. Jumamosi mimi na mzee tunafungua.