Ng'ombe akitishwa hashushi

Siku ya tatu baada ya kujifungua, matiti yalikuwa magumu kama mawe. Mwanangu ananyonya kidogo, anaachia, analia. Siku mbili za mwanzo alipata dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, machache lakini yamejaa kinga. Sasa nikaona nimekauka. Nikalia naye.

Mama yangu amefuga ng'ombe Marangu tangu sijazaliwa. Hakuniongezea mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wanaopewa wazazi ili wapate maziwa. Aliwatoa wageni chumbani, akanikanda mgongo kwa taulo la maji moto, akanilaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. "Ng'ombe akitishwa hashushi, mwanangu. Maziwa unayo."

Mimi nafundisha baiolojia, na somo hili nimelichora ubaoni miaka sita. Ndani ya titi mna vifuko vidogo mno, kuta zake ni seli zinazotengeneza maziwa. Protini na sukari ya maziwa hufungashwa kwenye Golgi, sehemu ya seli inayofanya kazi ya kufungasha, zikabebwa hadi ukingoni mwa seli, na huko kifurushi huungana na utando unaoizunguka seli na kumwaga mzigo nje. Seli hubaki nzima. Mafuta yana njia yake: kila tone hutoka limevikwa kipande cha utando wa seli yenyewe. Hapa huwa natua hata darasani. Mama anamlisha mtoto vipande vya seli zake, na sisemi kwa mafumbo.

Ila kutengeneza ni kazi moja, kutoa ni nyingine. Maziwa hukaa kwenye vifuko mpaka seli zilizovikumbatia kwa nje, zenye nguvu ya kujikunja kama misuli, zivikamue. Zinasubiri oksitosini, homoni inayoachiwa na tezi ya pituitari chini ya ubongo mtoto anaponyonya. Hofu na maumivu huizuia. Mama alikuwa anayajua hayo kwa mikono yake.

Baada ya kama dakika kumi nikahisi vichomi, kama sindano nyingi ndogo. Mtoto akaanza kupiga mafundo, nayasikia. Titi la pili, ambalo hakuna aliyeligusa, likatiririka mpaka khanga ikalowa. Oksitosini hupita kwenye damu, hufika kote kwa pamoja.

Sasa ana miezi minne. Juzi nikiwa kwenye foleni ya benki, mtoto wa mwenzangu akalia nyuma yangu, na vile vichomi vikaja palepale. Nikajifunika mtandio, nikaacha foleni, nikawahi nyumbani kunyonyesha.