Miezi minane na miwani ya uhalisia pepe

Nilipomtumia mpwa wangu fedha ili aninunulie huko Uingereza miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, sikuwa natafuta mchezo wala burudani. Nilikuwa natafuta nafasi. Kazi yangu ni kufasiri mikataba, miongozo ya afya na ripoti za miradi, nami huifanya katika chumba cha mita 3 kwa 3 hapa Tanga, chumba ambacho mna kitanda, kabati, meza ndogo na dirisha moja linalotazama magharibi. Mfasiri anahitaji kuona mambo matatu kwa wakati mmoja: matini ya asili upande mmoja, tafsiri upande wa pili, na orodha ya istilahi mahali ambapo jicho linafika upesi. Kwenye kompyuta ya mpakato yenye kioo cha inchi 15 mambo hayo hubanana hadi herufi zikawa kama chawa. Niliposoma kwamba miwani hii huweza kumtundikia mtu skrini tatu hewani, kila moja na upana wa ukuta, nilidhani kwamba tatizo langu la miaka kumi limepata dawa.

Niliyoichagua ni ya aina inayojitegemea, yaani haihitaji kuunganishwa kwa waya na kompyuta nyingine yenye nguvu. Kila kitu kimo ndani yake: bongo la kompyuta la jamaa moja na lile la simu za mkononi, betri, vioo viwili vidogo mbele ya macho, na kamera kwenye pembe za nje zinazotazama chumba ili kifaa kijue kichwa na mikono ya mvaaji viko wapi. Ilinigharimu akiba ya miezi mitano. Mpwa wangu aliileta mwenyewe alipokuja kusalimia nyumbani, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa wa busara kuliko nilivyofikiri: “Mjomba, kabla hujaivaa, zima pangaboi.” Dari langu ni la chini, na mtu aliyefunikwa macho anayeinua mkono kufikia kitu kisichokuwapo anaweza kuukuta mkono huo umo katikati ya panga za feni.

Siku ya kwanza nilistaajabu kwa dhati, na sitaki kuificha furaha ile kwa sababu ya yaliyofuata. Nilisimama kwenye ukingo wa jabali, nikatazama chini, na miguu yangu ikakataa kusogea ijapokuwa akili ilijua kwamba chini yangu kuna mkeka. Niligeuza kichwa na bahari ikabaki mahali pake, bila kuchelewa wala kutetemeka. Waliounda kitu hiki wamefanya kazi kubwa ya kihandisi, na kila ninachosema hapa nakisema nikiwa na heshima hiyo.

Siku ya pili niliketi kufanya kazi. Niliunganisha kompyuta, nikaziweka skrini tatu mbele yangu kama nilivyoota, kisha nikafungua mkataba wa upangaji wa kurasa 40 niliotakiwa kuukabidhi baada ya siku nne. Skrini zilikuwa kubwa kweli. Lakini herufi hazikuwa na kingo. Kila neno lilionekana kama limeandikwa kwa kalamu iliyolowa, na mistari ilimetameta kila nilipopumua, kwa sababu kichwa cha binadamu hakitulii kabisa hata anapodhani ametulia. Nikazikuza herufi hadi zikasomeka vizuri, na hapo nikagundua kwamba kila skrini sasa inachukua aya mbili tu. Nilikuwa nimerudi kwenye ubanaji uleule, ila safari hii ukiwa na upana wa ukuta.

Nilidhani nimekosea kuifunga. Nikarekebisha umbali kati ya lenzi, nikafuta vioo kwa kitambaa laini, nikaipandisha na kuishusha usoni. Baadaye nilikaa na kikokotoo, na hesabu ikanieleza kile ambacho tangazo halikunieleza. Jicho lenye afya huweza kutofautisha takriban nukta 60 katika kila nyuzi moja ya pembe ya upeo wake. Kompyuta yangu ya mpakato ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1,920 kwa upana wa sentimita 34 hivi, nami huketi kama sentimita 55 kutoka kwake. Hapo napata pikseli 55 kwa kila nyuzi, karibu na kikomo cha jicho lenyewe. Miwani niliyonunua ina pikseli chini kidogo ya 2,000 kwa upana mbele ya kila jicho, idadi inayosikika kuwa kubwa, ila pikseli hizo zinatandazwa kwenye upeo wa nyuzi 90 hivi. Zinabaki kama 20 kwa nyuzi. Kwa hiyo skrini ile ya upana wa ukuta ilikuwa inanionyesha maandishi kwa uwazi wa theluthi moja tu ya kile ambacho kompyuta yangu ya zamani hunionyesha kila siku bila kuombwa. Hakuna programu itakayoliondoa jambo hili, kwa kuwa pikseli ambazo hazipo haziwezi kuongezwa kwa kusasisha.

Kuna jambo jingine ambalo mwili hulijua kabla ya akili. Katika maisha ya kawaida, macho yanapotazama kitu cha karibu hufanya mambo mawili pamoja: hugeukiana kidogo kuelekea ndani, na lenzi za ndani ya jicho hunenepa ili kitu kile kiwe wazi. Kwenye miwani hii macho hugeukiana kufuata ukaribu wa kitu unachoonyeshwa, lakini lenzi zake zimewekwa kwa umbali usiobadilika wa zaidi ya mita moja, na jicho hulazimika kubaki limelenga hapo muda wote. Mambo mawili yaliyozoea kwenda pamoja hutenganishwa. Baada ya dakika 40 nilianza kuhisi uzito katikati ya nyusi, na baada ya saa moja ulikuwa maumivu kamili. Ongeza uzito wa nusu kilo unaoning’inia mbele ya uso na kukandamiza mifupa ya mashavu. Ongeza na joto la Tanga la mwezi wa Februari, sifongo inayogusa paji la uso ikilowa jasho na lenzi zikipata ukungu. Nilikuwa naivua kila mara ili nijifute, na kila nilipoivua nilijikuta nasoma sentensi inayofuata kwenye kompyuta, kwa macho yangu, bila taabu.

Kamusi ya karatasi nayo ilinishinda. Ninayo kamusi nene ambayo nimeiandika pembeni kwa penseli kwa miaka mingi, na ule uandishi wa pembeni ndio hazina yangu. Kamera za miwani huweza kukuonyesha chumba ulichomo, rangi zikiwa zimefifia, kiasi cha kuona kikombe na kutokimwaga. Kusoma herufi za kamusi kupitia kamera hizo haiwezekani. Nilijaribu kuisogeza hadi karibu na pua, nikaona mistari ya kijivu tu.

Usiku mmoja umeme ulikatika nikiwa nimeivaa. Nilifikiri hapo ndipo faida ya kifaa chenye betri yake itakapojitokeza, kwa kuwa nilikuwa na chaji ya zaidi ya saa moja. Mara picha ikaganda, kisha ikaja taarifa kwamba kifaa hakioni mahali kilipo. Nilielewa baada ya muda kidogo: kamera zake hutegemea mwanga wa chumba kama macho yetu yanavyoutegemea, na chumba kilikuwa giza totoro. Nikawasha taa ya kandili ya kuchaji nikaiweka juu ya kabati. Miwani ikapata fahamu, lakini kisambaza intaneti kilikuwa kimezimika pamoja na umeme, na programu niliyohitaji haikufunguka bila mtandao. Nikamalizia ukurasa ule kwenye kompyuta ya mpakato, ambayo gizani haikunidai chochote.

Lakini yote hayo ni ya kazi, na mtu anaweza kuniambia kwamba nilikipa kifaa kazi isiyo yake. Basi niseme la Mama.

Mama yangu hajajaaliwa kwenda Hija, na sasa magoti yake hayamruhusu hata kupanda daladala. Niliposikia kwamba kuna video za mzunguko zilizorekodiwa Makka, ambazo mvaaji anaweza kugeuka na kutazama pande zote kana kwamba amesimama pale, niliona kwamba hata miwani isiponifaa mimi, hapa itakuwa imelipa gharama yake yote. Nilitumia bando la siku nzima kuipakua moja iliyokuwa bora kuliko nyingine. Siku ya Ijumaa baada ya Alasiri nikamketisha Mama kwenye kiti chenye mikono, nikalegeza mikanda ili isimvute mtandio, nikamvalisha polepole na kumshika bega. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaanza kutamka dua kwa sauti ya chini, akainua kichwa, akageuka kushoto na kulia. Mimi niliyekuwa nimemshika nilihisi koo limekaza.

Akaniuliza, “Watu hawa mbona hawana nyuso, mwanangu?”

Nilimvua nikaivaa mwenyewe. Al-Kaaba ilikuwapo, kubwa na nyeusi, na umati ukiizunguka, lakini kila mwenye kutufu alikuwa doa jeupe lenye doa la hudhurungi mahali pa kichwa. Hesabu ni ileile. Video ile ilikuwa na pikseli 3,840 kuuzunguka ulimwengu wote wa nyuzi 360, na hiyo ni chini ya pikseli 11 kwa kila nyuzi. Uso wa mtu aliye umbali wa mita kumi hupata pikseli chache kiasi kwamba hakuna jicho wala pua inayoweza kuchorwa. Mama alikuwa anataka kuwaona mahujaji, wazee wenzake, namna wanavyolia na namna wanavyoshikana mikono. Aliniambia ahsante, Mungu anibariki, akaomba nimwashie televisheni, kwa sababu wakati wa Hija kituo kimoja huonyesha Makka moja kwa moja na pale nyuso huzioni tu, bali unaona hata machozi. Namshukuru kwa kusema ukweli. Wengine niliowavalisha miwani, majirani na marafiki, walisema maajabu, maajabu, wakaivua baada ya dakika kumi na hakuna hata mmoja aliyerudi kuiomba.

Sisemi kwamba fedha au akili zimekosekana katika jambo hili. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alikuwa na kifaa cha namna hii cha kuvaa kichwani huko Marekani mwaka 1968, kikiwa kizito hata ikabidi kishikiliwe na dari. Kampuni ya Oculus ilianza kuchangisha fedha kwa umma ili kuunda miwani ya aina hii mwaka 2012, Facebook ikainunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2 hivi, na mwaka 2019 ikatoa Quest ya kwanza, miwani inayojitegemea ambayo mtu angeweza kutembea nayo chumbani. Mwaka 2021 kampuni mama ilibadili hata jina lake kuwa Meta kwa ajili ya ndoto hii, na katika mwaka 2023 pekee idara yake inayohusika ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16. Apple ilipoingia sokoni Februari 2024 kwa bei ya dola 3,499, iliongeza sana idadi ya pikseli, na waandishi wengi walisifu uwazi wa maandishi yake. Lakini kifaa kile kina zaidi ya gramu 600 usoni, na betri yake hukaa mfukoni ikiwa na waya. Najua kwa hiyo kwamba tatizo la herufi linatatulika. Uzito na bei ndivyo vinavyopanda kila linapotatuliwa, na kwa bei ile mfasiri wa Tanga hana la kuzungumza.

Mpwa wangu hupenda michezo ya kukata vitu kwa mapanga ya mwanga kufuata mdundo, na alipokuwa hapa alitoka jasho kila jioni kama mtu aliyekimbia hadi Raskazone na kurudi. Nakubali kwamba kwa mazoezi inafaa, kwa mwenye nafasi ya mita 2 kwa 2 isiyo na kitanda. Nakubali pia kwamba mtu anayejifunza kazi ya mikono iliyo ya hatari, ambapo umbo na mahali pa kitu ni muhimu kuliko maandishi, ana sababu ya kuitumia. Kinachoniuma ni kwamba iliuzwa kwangu kama kompyuta, na kompyuta ambayo mtu hawezi kusoma ndani yake ukurasa mzima wa maandishi ya kawaida bado haijafika kuwa kompyuta.

Mwezi wa Septemba nilinunua skrini iliyotumika ya inchi 24 dukani kwa fundi mmoja, nikaitundika ukutani juu ya meza kwa skrubu nne. Haikuchukua hata sentimita moja ya meza. Matini ya asili hukaa juu, tafsiri hukaa chini, na kamusi yangu iko wazi kando ya mkono wa kushoto pamoja na kikombe cha chai. Ule mkataba wa kurasa 40 umeshafuatwa na mingine sita.

Miwani nimempa mwalimu wa baiolojia wa shule ya jirani, anayetaka kuwaonyesha wanafunzi moyo wa binadamu unaodunda, mkubwa kama chumba, ambao wanaweza kuuzunguka na kuingia ndani ya vyumba vyake vinne. Nilimweleza asiiache dirishani lenzi zikitazama jua, kwa kuwa lenzi hukusanya miale na kuunguza vioo vilivyo ndani. Kwamba asimvalishe mwanafunzi mmoja zaidi ya dakika kumi na tano. Na kwamba majina ya sehemu za moyo ayaandike ubaoni kwa chaki, kwani humo ndani hayatasomeka.