Damu moja, majibu mawili

Kama umewahi kupima figo hapa Marekani kabla ya 2021 hebu katafute yale makaratasi ya majibu kama hukuyatupa. Utaona sehemu imeandikwa eGFR, yaani makadirio ya figo zako zinachuja kiasi gani, na mara nyingi iko mistari miwili, mmoja wa mtu mweusi na mwingine wa watu wengine wote waliobaki duniani. Damu ni ile ile moja, wameitoa kwenye mkono mmoja, sindano moja, lakini majibu mawili. Na namba ya mweusi iko juu siku zote, yaani figo zake zinaonekana nzima zaidi.

Mi nafanya kazi kwenye kituo cha kusafisha damu hapa Houston, nawaunganisha watu na mashine, karibu masaa manne kila wakija na wanakuja mara tatu kwa wiki, na ukiangalia waliokaa kwenye vile viti unajiuliza mbona sura zimefanana. Weusi ni kama asilimia 13 tu ya Wamarekani ila kwenye mashine hizi ni karibu theluthi moja. Sukari na presha zinahusika sana, bima pia, kuchelewa kumuona daktari pia. Lakini hii ya hesabu ndo iliniudhi kuliko zote kwa sababu imekaa kitaalamu, ina pointi na desimali, nani atabisha.

Iko hivi. Figo zikichoka, takataka ya misuli inayoitwa kreatinini inabaki kwenye damu. Maabara inapima hiyo, halafu kompyuta inakadiria figo zinachuja kiasi gani kwa dakika kwa kuangalia umri wako, kama ni mwanaume au mwanamke, na wakati ule pia kama ni mweusi. Fomula ya 2009 iliyotumika hospitali nyingi huku ilikuwa inachukua majibu ya mweusi inazidisha kwa 1.159. Sababu? Eti weusi wana misuli mingi. Basi. Bibi wa miaka 80 mwenye kilo 45 naye ana misuli mingi maana ni mweusi, na jamaa anayebeba vyuma gym kila siku hana maana ni mzungu.

Sasa chukua mtu ambaye eGFR yake imebaki 18. Huku muda wako wa kusubiri figo ya kupandikizwa unaanza kuhesabiwa ukishuka hadi 20, au ukishaanza mashine. 18 zidisha kwa 1.159 unapata karibu 21. Huyo alikuwa anaambiwa bado, rudi baada ya miezi kadhaa, wakati jirani yake mzungu mwenye damu hiyo hiyo ameshaingia kwenye foleni. Na hapo hakuna nesi aliyemtukana mtu wala daktari aliyemchukia mtu, kila mmoja amefanya kazi yake vizuri kabisa na tabasamu juu.

Wengi wetu tuliokuja ukubwani tunapenda kusema hayo ya weusi wa Marekani ni yao, sisi tuna kwetu. Haya, kompyuta haikuuliza kama babu yako alikuwa mtumwa Virginia au alikuwa na migomba yake Kagera, umetiki boksi pale mapokezi, umezidishwa. Halafu watafiti waliopima uchujaji wenyewe moja kwa moja kwa watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, wakachapisha 2022, walikuta hizi hesabu za kreatinini zinaonyesha figo nzima kuliko zilivyo. Kwahiyo hiyo misuli yetu ya ziada sijui iko wapi.

Na haya si mageni. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, aliandika kwamba watumwa wanaotoroka ni wagonjwa, ugonjwa akaupa na jina, na kinga aliyopendekeza ni viboko. Huyo huyo alipima pumzi za weusi akasema mapafu yao ni dhaifu, na vipimo vya mapafu vimeendelea kuwa na marekebisho ya rangi hadi juzi tu hapa, 2023, ndo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikasema basi sasa.

Ya figo ilivunjwaje? Wanafunzi wa udaktari ndo walianza kusumbua, wanakaa darasani wanafundishwa hiyo fomula wanauliza kwanini, wanajibiwa ndo ilivyo, wanauliza tena. Hospitali ya Beth Israel Deaconess kule Boston iliifuta 2017, San Francisco daktari wa figo Vanessa Grubbs akapiga kelele miaka, University of Washington wakafuata 2020. Wapo madaktari waliopinga na hoja zao si za kijinga zote, walisema ukiiondoa ghafla dozi za dawa zitabadilika na weusi wanaotaka kuchangia figo wataonekana hawafai. Ikaundwa kamati, 2021 ikaja fomula mpya isiyouliza rangi. 2022 ile ya zamani ikapigwa marufuku kwenye foleni ya figo nchi nzima, na 2023 hospitali zikaamriwa zifukue mafaili ya weusi walioko kwenye foleni, zihesabu upya, ziwarudishie muda wao. Zaidi ya watu 14,000 walisogezewa tarehe.

Kuna mzee namhudumia, fundi magari mstaafu, alinipa barua yake nimsomee maana miwani aliisahau kwenye gari. Nikamsomea, tarehe imerudi nyuma karibu miaka miwili. Akacheka, akauliza na hela ya mafuta ya kuja huku watarudisha?

Shida ni kwamba kurudishiwa muda kunawasaidia waliokwisha kuandikishwa. Yule ambaye namba yake ilionekana nzuri hadi hakupelekwa kwa daktari wa figo mapema hana tarehe ya kusogezwa, na waliokufa nao hivyo hivyo.

Kwahiyo kama wewe au ndugu yako yuko kwenye foleni, piga simu kituo cha upandikizaji uulize kama faili lilikaguliwa na tarehe mpya ni ipi, na omba kwa maandishi, usikubali "tutakupigia". Kama namba yako iko mpakani muulize daktari kipimo cha sistatini C, protini nyingine ya kwenye damu, hicho hakitegemei sana misuli. Na mlioko nyumbani mkipima figo mkaona karatasi bado ina mistari miwili, ulizeni maabara wanatumia fomula ya mwaka gani.