Wewe mtoto wa nani?

Miaka kumi na miwili ughaibuni ilinizoesha kulipa kwa kadi bila hata kumtazama muuzaji usoni. Juzi, wiki ya pili tangu nirudi, niko sokoni, beseni liko mkononi tayari, nikakumbuka pochi nimeiacha nyumbani. Nikamwomba mama muuzaji nilete hela kesho. Akanipima kutoka juu hadi chini.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikataja jina la marehemu mama. Akavuta daftari lisilo na jalada, kalamu ya risasi ikining'inia kwa uzi, akaandika "mtoto wa", halafu jina la mama. Langu hakuuliza. Nimekopa mimi, mdhamini yuko kaburini.

Kule nilikokuwa, mwaka wa kwanza benki ilininyima mkopo kwa kuwa sikuwa na historia ya kukopa. Swali ni lile lile, ila huko huulizwa kompyuta. Waliotufaa ni wahamiaji wenzetu: Wamexico na tanda yao, Waghana na susu, sisi na upatu. Mnachanga, mmoja anabeba, zamu inazunguka. Mkataba hakuna. Lakini ukila zamu yako ukatokomea, umewapoteza wale wale waliokutafutia kazi na chumba.

Wala si jambo la juzi. Karne ya 11, wafanyabiashara Wayahudi wa Maghreb, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, walikabidhiana mizigo kuvuka Bahari ya Mediteranea, na barua zao nyingi zilibaki katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo. Mahakama zilikuwepo, ila wakala akidokoa mali, sifa yake mbaya ilitangulia bandarini kabla hajafika.

Sisemi udugu ni asali tupu. Binamu yangu alifungua biashara, ndugu wakakopa mpaka mtaji ukakauka. Utamdai vipi shangazi aliyekulea? Na yule asiye na ukoo hapa, akiulizwa ni mtoto wa nani, atajibu nini? Kwake yeye afadhali kompyuta.

Kesho yake nilipeleka hela. Mama akapiga mstari juu ya deni, akaniuliza narudi huko lini. Nikamwambia bado sijaamua.

"Ukiamua kubaki, mwanangu," akasema akilifunga daftari, "njoo tuandike jina lako."