Wiki Zangu za Kwanza na Tomcat

Nilipoanza kujifunza kusimamia seva ya wavuti ya Java nilichagua Apache Tomcat, programu iliyozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kukabidhiwa shirika la Apache Software Foundation mwaka 1999. Kuisakinisha si kazi kubwa: unahitaji Java, unafungua furushi lake, unaiwasha kwa startup.sh, kisha unaitazama kwenye kivinjari kupitia poti 8080.

Ugumu ulinijia nilipoweka programu ya zamani ndani ya webapps, folda ya kuwekea programu, ya Tomcat 10. Seva iliwaka vizuri, lakini kila anwani iliyotegemea servleti (kijiprogramu cha Java kinachojibu maombi ya wavuti) ilirudisha 404, yaani ukurasa haukupatikana, nami nilipoteza siku mbili nikikagua server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe kuanzia toleo hilo majina ya vifurushi vya msimbo wa Java kama javax.servlet yalibadilishwa kuwa jakarta.servlet, kwa hiyo servleti zangu hazikutambuliwa kabisa. Niliunda folda ya webapps-javaee, nikaiweka programu humo, na Tomcat yenyewe ikaigeuza.

Tangu siku hiyo mimi husoma catalina.out, faili la kumbukumbu za Tomcat, kabla ya kugusa faili lolote.

Jambo jingine ninalolishikilia ni usalama. Tomcat isiendeshwe kwa akaunti ya root (yenye mamlaka yote), hata kama unaitamani poti 80, ile ya kawaida ya wavuti, kwa sababu mvamizi atakayepenya programu moja atapata mamlaka juu ya mashine nzima. Yangu inaendeshwa kwa akaunti yake ndogo, na Nginx, seva nyingine ya wavuti, ndiyo inayopokea maombi mbele yake.