Daftari la bei ya sukari

Watu wakiniuliza usiku huwa naandika nini kwenye lile kaunta buku nawajibu bei ya sukari, wanacheka, wanajua nawazungusha. Wala siwazungushi, ndo ukweli wenyewe. Sukari kilo shilingi ngapi, nauli, mvua imenyesha au haijanyesha, umeme umekatika saa ngapi umerudi saa ngapi, nani kapiga simu alikuwa anataka nini, tumekula nini. Hisia zangu siziiti, zikija zenyewe naziandika mstari mmoja zinapita.

Hii tabia imeniingia baada ya kupekua madaftari ya zamani, yale ya enzi nipo chuo. Jamani. Kurasa zilizojaa mapenzi na huzuni na "kwanini mimi" nimezifunua harakaharaka kama mtu anayetafuta risiti, sikumbuki hata yule mtu nilikuwa namlilia nini, jina lenyewe nimeweka herufi moja tu. Ila nikafika Desemba 2011, wiki ya yale mafuriko ya Dar, hapo nikakaa chini kabisa nikasoma neno kwa neno. Na sijaandika cha maana! Nimeandika mvua haikati, Jangwani hakupitiki, tumetembea kwa miguu, mkate hakuna dukani, nimemuona mama mmoja kabeba redio kichwani kaifunika na mfuko wa rambo. Basi. Lakini ile redio nisingeiandika leo isingekuwepo popote, maana magazeti yaliandika maji na waliokufa na waliohamishiwa Mabwepande, nani angeandika redio ya mtu.

Tangu hapo nikasema bei, hali ya hewa na watu, vingine vitajipanga. Na vinajipanga kweli. Februari 2024 nimeandika "sukari 4,500, mangi hauzi kilo nzima, anapima robo robo na anamuangalia mtu usoni kwanza". Hapo ndani kuna mvua za El Nino zilizoingia mashamba ya miwa viwanda vikashindwa kuvuna, kuna serikali na bei elekezi zake ambazo dukani kwetu zilibaki za kwenye redio, kuna ukoo mzima wa chai za bila sukari, na sikuhitaji kueleza hata kimoja, nikisoma tu "robo robo" vyote vinarudi. Nauli hivyo hivyo. Safari fupi ya daladala ilikuwa 400, Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600, mwendokasi ilianza 2016 kwa 650. Ukimuuliza mtu leo nauli ilipanda lini atakwambia "mbona siku nyingi tu", siku nyingi ndo lini sasa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 17 Machi 2021. Juu kuna habari za fundi bomba aliyeahidi saa nne asubuhi akatokea saa tisa bila spana. Katikati nimeandika tumepika dengu. Chini, kwa peni nyingine na mwandiko umepinda, nimeandika Mama Samia katangaza TBC usiku huu, Rais amefariki. Hakuna kingine, sikuongeza hata neno. Tangazo lenyewe mtu yeyote atalipata mtandaoni mpaka kiama, fundi bomba hatompata. Na bila fundi bomba ile inakuwa tarehe tu ya kwenye historia, siyo siku ambayo mimi niliamka nikiwa na shida ya maji.

Sasa blogu. Nilikuwa nayo na mimi. Wa umri wangu wanakumbuka ile miaka, Ndesanjo Macha ameshaanza na Jikomboe yake ya Kiswahili, watu wakaona kumbe inawezekana, kila mtu akafungua ya kwake, wengine wakawa wanaziita magazeti tando. Ilikuwa raha na sitasema vinginevyo, niliwapata marafiki ambao mpaka leo tunasalimiana. Ila nikazisoma zile posti sasa hivi nasikia mtu mwingine kabisa anaongea. Kila kitu lazima kiwe na kichwa cha habari, kiwe na picha, kiwe na funzo. Nikikosa daladala nipo bado kituoni jua linanichoma kichwani natunga aya ya mwisho inayohusu subira. Subira gani, nilikuwa nimekasirika! Daftari la siku hiyo hiyo linasema nimemtukana konda.

Alafu 2018 zikaja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, kuomba leseni 100,000, leseni yenyewe milioni moja kwa mwaka, na mtu unaandika habari za mwembe wa nyumbani na bibi yako. Wengi wakafunga, na mimi nikafunga. Iliniuma na bado naona haikuwa haki, mtu mwenye shajara kuhesabiwa pamoja na kituo cha habari. Kanuni zimebadilishwa baadae lakini wengi hawakurudi, tayari wameshahamia Instagramu, mikono imeshazoea kuandika maneno machache chini ya picha.

Kuna kisa nakipenda sana kwenye haya mambo, cha Livingstone, yule mmisionari Mskoti, na sikipendi kwa sababu yake yeye. Mwaka 1871 yupo Nyangwe, Kongo ya sasa, karatasi zimemuishia na wino umemuishia, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la London, anapitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, wino ameutengeneza kwa mimea ya hukohuko. Ule wino ukafifia mpaka hausomeki. Miaka zaidi ya 100 baadae, 2010 na 2011, wataalamu wakapiga picha zile kurasa kwa taa za rangi mbalimbali, maneno yakaibuka. Na kilichoibuka kikaonekana hakilingani na alichokuja kukinakili mwenyewe baadae kwenye jono lake kubwa, yaani shajara safi, kuhusu mauaji ya tarehe 15 Julai, pale watu wa wafanyabiashara wa utumwa walipowapiga watu risasi sokoni Nyangwe. La gazeti ni kali, limeparuzwa, lina mashaka mpaka kwa watu wake mwenyewe. La jono limetulia. Alafu alivyokufa 1873 watumishi wake Chuma na Susi wakapelekwa Uingereza kumsaidia rafiki yake Horace Waller kutengeneza kitabu, likapita kwenye ungo mwingine tena. Mchele uliopepetwa mara tatu unapendeza mezani, ila shamba hulioni tena.

Na katika waliobeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo, alikuwemo kijana Jacob Wainwright, Myao, aliyeokolewa utumwani akasomeshwa India kule Nashik, ndo aliyechonga jina la mzee kwenye mti kule Chitambo alikofia, Zambia ya sasa, na njiani akawa anaandika daftari lake. Lipo mpaka leo, Blantyre, Uskochi, kwenye jumba la makumbusho alikozaliwa Livingstone. Nchi nzima wamepita watu wazito na misafara mikubwa, walioshika peni ni wachache mno. Huwa najiuliza huyu kijana jioni, miguu imevimba, homa, mzigo wa kubeba ndo huo, alipata wapi nguvu ya kufungua daftari. Mi nikichelewa foleni ya Ubungo tu tayari najipa ruhusa ya kutoandika.

Vitu vya kawaida sasa, maana huwa naulizwa. Kaunta buku kwaya mbili inatosha, kubwa zaidi inachosha mkono. Zile diari za bure za makampuni za Januari sizitaki, kila ukurasa una tarehe yake, ukiruka siku tatu kurasa tupu zinakukodolea macho kama umekopa. Peni ya kawaida, zile za wino wa majimaji zinavuja na joto la Dar. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mende wanapenda sana gundi ya kwenye mgongo wa daftari. Marehemu mama hakuwahi kuwa na shajara lakini tarehe zetu zote za kuzaliwa aliziandika jalada la ndani la msahafu, na pembeni ya yangu kaweka "mvua", basi na mimi sijatoka mbali.

Mwezi uliopita dada kaja mbio, kuna mzozo wa mpaka wa kiwanja Chanika, jirani anasema mawe yamesogezwa. Nikafungua ndoo, nikampata mjumbe aliyekuwepo, hela tuliyolipa, na kwamba mawe yaliwekwa mawili tu siku ile maana la tatu lilidondoka kwenye bodaboda. Dada akafurahi, akakaa kitandani akaanza kufunua kurasa zingine. "We mdogo wangu, hapa umeandika nini kuhusu shemeji yako?" Nikamnyang'anya. Kaondoka amenuna, na kesho yake kanitumia meseji anauliza kaunta buku ya kwaya mbili siku hizi wanauza shilingi ngapi.