Usiku Nilipomsikia Peter Green

Jumamosi binti yangu alikuwa mezani na hesabu zake, mimi napiga pasi, nyimbo zinajipanga zenyewe kwenye spika. Akainua kichwa. "Baba, mbona huyu anangojangoja?"

Alikuwa anamsema Peter Green, mpiga gitaa la bluzi wa Uingereza. Wimbo ni ule wa gitaa tupu, The Supernatural, uliomo kwenye albamu ya mwaka 1967 ya John Mayall, kiongozi wa bendi ya bluzi aliyempigia wakati huo. Nikamwambia, "Sikiliza tu mama, atarudi." Kweli gitaa likarudi, naye akarudi kwenye hesabu zake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea na pasi, maana nimewahi kumwona mtu yule akingoja, nimeketi safu za mbele, na mpaka leo sina hakika nilichokiona ni nini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, enzi zile bado nasukuma vitanda usiku hospitalini. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, Mmombasa wangu, ndiye aliyeleta tiketi. Alinikuta natoka zamu, macho mekundu, akanipungia bahasha kutoka ng'ambo ya barabara. "Ndugu yangu, Green amerudi! Yuko hai na anapiga!"

Kwangu mimi Green alikuwa kanda. Nikiwa Tanga, napiga gitaa la rithim kwenye bendi ya hoteli, baharia mmoja aliniachia kanda yenye pande mbili: upande wa kwanza Mayall akiwa na Eric Clapton, albamu ya mwaka 1966; upande wa pili Mayall huyohuyo, akiwa na kijana aliyechukua nafasi ya Clapton. Hebu fikiria mzigo huo. London watu wanaandika ukutani kwamba Clapton ni Mungu, Mungu mwenyewe anaondoka kwenda kuanzisha bendi ya Cream, halafu unaletwa wewe, mtoto wa Kiyahudi kutoka Bethnal Green, miaka 19, usimame palepale alipokuwa amesimama yeye. Wengi wangejaribu kupiga kwa kasi kumzidi. Yeye alipunguza. Sisi tuliokulia kwenye solo za Mbaraka Mwinshehe tulizoea gitaa linalosema na kusema, sentensi inazaa sentensi, mpaka mtu mzima anaacha soda yake mezani anaingia kucheza. Na nalipenda gitaa hilo hadi kesho. Lakini Green ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba mpiga gitaa anaweza kunyamaza katikati ya maneno yake, na bado ukumbi ukawa wake.

Foleni ilikuwa ndefu na baridi, na Mmombasa akanisimulia yaliyompata Green. Wengi wenu mnayajua, kwa hiyo nayapitia mbio. Mwaka 1967 alimwacha Mayall akaunda bendi yake, na badala ya kuipa jina lake akaipa majina ya mpiga ngoma na mpiga besi: Mick Fleetwood na John McVie. Fleetwood Mac. Mpiga besi mwenyewe alikuwa bado hajakubali hata kujiunga! Albatross ikashika namba moja Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1969. Black Magic Woman, ambayo dunia nzima inadhani ni ya Santana, aliitunga yeye. Kisha zikaja dawa za kulevya za LSD, ikaja hali ya kuzikataa fedha, akawataka wenzake wagawe mapato kwa wenye njaa, na mwaka 1970, akiwa na miaka 23, akaondoka kwenye bendi yake mwenyewe. Madaktari wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Akapitishwa kwenye tiba ya kupigwa umeme kichwani. Ikafika wakati akafuga kucha ndefu kiasi kwamba asingeweza kushika nyuzi hata angetaka. Alichimba makaburi. Alifanya kazi hospitalini.

Hapo nikamshika Mmombasa mkono. "Hospitalini kazi gani?"

"Kazi kama yako."

Sikusikia alichosema baada ya hapo. Nilikuwa nawaza wagonjwa. Mtu anapelekwa chumba cha upasuaji, kalala chali, anaangalia taa za dari zinavyopita, na mikono inayosukuma kitanda chake ndiyo iliyopiga Albatross, na hajui. Nami nilikuwa sijagusa gitaa tangu nilipoondoka Tanga. Ncha za vidole vyangu vya kushoto zilikuwa zimelainika kabisa, sugu zote zimekwisha. Jambo hilo nilikuwa simwambii mtu.

Ukumbi ulikuwa mdogo, wa mji mdogo, na wengi waliokuwamo walikuwa wazee wenye mvi waliomwona akiwa kijana. Bendi yake ilikuwa ile ya Splinter Group, yeye na rafiki yake Nigel Watson, ambaye ndiye aliyemrudisha kwenye gitaa pole pole, nyumbani, kabla hawajathubutu kupanda jukwaani. Green akatoka. Mtu mnene, wa makamo, kofia kichwani, mwendo wa mtu anayeingia sebuleni kwa ndugu. Hakusema neno. Gitaa mkononi halikuwa lile maarufu. Lile la aina ya Les Paul la mwaka 1959, ambalo kimoja kati ya vinasa sauti vyake viwili kina sumaku iliyogeuzwa hivyo vikiwashwa vyote viwili pamoja linatoa sauti ya puani, yenye uwazi ndani yake, alikwishamwachia mpiga gitaa Gary Moore kwa bei ya kirafiki zamani sana. (Siku hizi liko kwa Kirk Hammett wa Metallica.) Nyimbo za kwanza Watson alibeba kazi kubwa, Green akipiga harmonika, akiimba kidogo. Nyimbo za Robert Johnson, mkongwe wa bluzi wa Marekani. Watu walipiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia mgonjwa aliyeamka kitandani. Sikuyapenda.

Kisha wakaanza The Supernatural.

Kwenye kanda wimbo ule una noti moja inayosimama hewani mpaka unaanza kuogopa. Kijana Green aliipata kwa kukaa karibu na spika zake: sauti inatoka, inarudi kwenye uzi, uzi unatikisika tena, na noti haifi kwa sababu inajilisha yenyewe. Mimi na wenzangu Tanga tulijaribu kuifanya kwa amplifaya ya hoteli na tulichopata ni kelele tu na meneja mlangoni. Kwa hiyo niliijua inapokuja. Nilikuwa nahesabu mapigo.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mkono wake wa kushoto. Kidole cha pete kikapanda kwenye uzi, kikausukuma juu kidogo, na vidole viwili vya nyuma yake vikaja kukisaidia, wanavyofanya wapiga bluzi wote. Kucha zilikuwa fupi. Hilo niliangalia kwanza. Kiganja kikaanza kutikisika, taratibu sana, si ule mtikisiko wa haraka wa vijana, na noti ikatoka. Ilikuwa ileile. Nakuapia, ilikuwa ileile, nyembamba, na maji ndani yake. Mpiga kinanda alikuwa ameshika kodi moja chini, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mpiga ngoma anagusa sahani kwa mbali, wote wamemwachia yeye nafasi.

Na noti ikaanza kufa mapema. Haikujilisha. Pengine spika zilikuwa mbali, pengine mkono ulichoka, sijui. Niliisikia inapungua, nikaona kidole bado kiko pale, bado kinatikisika, sauti imebaki ndogo kuliko mlio wa mashine ya baridi kule baa. Kijana yule wa kwenye kanda angeikimbilia. Angepiga tena, angepandisha sauti, angejaza. Mtu huyu hakufanya lolote. Aliinamisha kichwa akauangalia mkono wake, bila hofu na bila haya, akaiacha noti iende yote, mpaka mwisho kabisa, halafu akangoja. Wenzake wakazunguka na kodi zao mara nyingine. Nyuma yangu mwanamume mmoja akamnong'oneza mkewe, "Zamani alikuwa hodari." Mkewe akamwambia anyamaze. Green bado anangoja. Mimi nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Kisha akapiga noti moja tu ya chini, fupi, mahali ambapo kwenye kanda hakuna noti, na ilikaa sawasawa kiasi kwamba Watson akageuka kumwangalia.

Hayo ndiyo yote. Wimbo ukaisha, zikaja nyingine, Albatross ikapigwa na ukumbi mzima ukasimama, lakini mimi nilibaki pale kwenye noti ya chini.

Kwenye basi tuligombana, mimi na Mmombasa. Yeye alikuwa ameumia. Alisema wamemtoa mgonjwa nyumbani kwake wakamweka jukwaani kwa sababu jina lake linauza tiketi, na watu wanakuja kumwangalia wapate kusema walimwona. Alinihesabia wapiga gitaa wenzake Green. Clapton alizama kwenye heroini, akatoka, na sasa anajaza ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mick Taylor, aliyechukua kiti cha Green kwa Mayall, akaenda Rolling Stones mwaka 1969 na kuondoka kwa miguu yake mwaka 1974. Paul Kossoff wa bendi ya Free alikufa na miaka 25 tu. "Huyu wetu hakupona wala hakufa," akasema, "na wamemfanya onyesho." Nilimjibu kwa hasira kwamba hakuna aliyemshika mkono pale kwenye noti ile. Kungoja kule kulikuwa kwake. Mtu anayelazimishwa hupiga haraka apate kumaliza.

Nilisema hivyo nikiamini. Bado naamini, siku nyingi. Lakini ziko siku nasikiliza rekodi za Splinter Group, hasa ile ya jukwaani ya klabu ya Ronnie Scott's, London, ya mwaka 1998, na najiuliza kama nilisikia uamuzi au nilisikia usahaulifu, na kama noti ya chini ilikuwa hekima au kidole kilichotua tu kilipotua. Na kama ni kidole tu, je, ilipungua uzuri? Wapiga gitaa niliowauliza hawakubaliani. Mmoja aliniambia swali lenyewe ni la mtu asiyepiga tena, na iliniuma, maana wakati huo ilikuwa kweli. Gitaa hili lililopo nyumbani, ambalo binti yangu anajifunzia, nililinunua majira ya kuchipua yaliyofuata. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ni kwa sababu ya usiku ule. Nilikuwa pia nimebadilishiwa zamu, nikawa na jioni. Vidole viliuma wiki nyingi kabla sugu hazijarudi, na rithim za Tanga zilirudi zenyewe, ila solo sijawahi kuipata.

Green aliendelea na Splinter Group hadi mwaka 2004, akapumzika, akarudi tena kidogo mwaka 2009, kisha akanyamaza. Alifariki usingizini tarehe 25 Julai 2020, akiwa na miaka 73. Mmombasa, aliyekwisharudi kwao zamani, ndiye aliyenipigia.

"Poleni," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye mfiwa. Nikamwambia pole na wewe. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza tena palepale tulipoachia kwenye basi: wangemwacha apumzike tangu zamani.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona alinunua tiketi mbili na kunikimbilia barabarani.

"Nilitaka kumsikia," akasema.

Nikamwambia hata mimi, na tukaendelea kubishana.